Ashe alimfungaje Connors Wimbledon 1975? Jibu kwa msomaji anayesumbuliwa na mashoto

Swali: "Kocha, nimeangalia vipande vya ile fainali ya Wimbledon ya 1975, Arthur Ashe na Jimmy Connors. Kila mtu anasema Ashe alishinda kwa mipira ya taratibu ila mimi sielewi. Connors alikuwa kijana, namba moja, hajapoteza hata seti moja mpaka anafika fainali, halafu anapigwa 6-1, 6-1 seti mbili za mwanzo? Wengine wananiambia alikuwa ameumia. Ukweli ni upi? Na kama kweli ni mipira ya taratibu, klabuni kwetu kuna mashoto mmoja kila nikimpiga kwa nguvu ananirudishia mara mbili yake, hiyo dawa inaweza kunisaidia na mimi?"

Kaka, asante kwa swali, na nimefurahi umeliunganisha na shida yako ya klabuni, maana hii mechi mimi nawaonyesha vijana ninaowafundisha kila nikipata nafasi na wengi wanaona mtu mzima anaubembeleza mpira tu, hawaioni kazi iliyofanyika pale. Jibu la haraka ni kwamba ndiyo, Ashe alishinda kwa kupunguza kasi, ila kusema "mipira ya taratibu" halafu ukanyamaza haitoshi, kwa sababu mpira wa taratibu ukiupeleka mahali pabaya mbele ya Connors umekwisha. Ashe aliamua kila mpira uende wapi, udunde kwa kimo gani na uwe na kasi gani, na zaidi ya hapo alikubali kuuweka pembeni mchezo wake mwenyewe aliouzoea tangu utoto, tena siku ya fainali kubwa kuliko zote alizowahi kucheza. Kwangu mimi hilo la kuuacha mchezo wako ndo moyo wa hadithi yote, mbinu zenyewe mtu yeyote anaweza kuziandika kwenye karatasi.

Kwanza umjue Connors wa wakati ule. Mwaka 1974 alichukua Australian Open, Wimbledon na US Open, yani mashindano matatu kati ya yale manne makubwa, na la nne la Ufaransa hakulicheza kwa sababu walimzuia kutokana na mkataba wake na ligi ya World Team Tennis ya Marekani. Fainali ya Wimbledon 1974 alimpiga Ken Rosewall 6-1, 6-1, 6-4, wakakutana tena fainali ya US Open mwaka huo huo akampiga 6-1, 6-0, 6-1. Rosewall ni mmoja wa wachezaji bora waliowahi kushika raketi, umri ulikuwa umeenda kweli, lakini kumpa mtu kama yule gemu mbili tu kwenye fainali nzima ni jambo la kutisha. Sasa kijana wa miaka 22 mwenye rekodi hiyo anarudi Wimbledon 1975 kutetea kombe lake, anapita raundi zote hajaacha seti.

Ashe upande wa pili alikuwa na miaka 31, zimebaki siku tano tu afikishe 32, kapangwa namba sita kwenye ubora, na watu wengi walishaanza kumuongelea kama mchezaji ambaye siku zake zimepita. Alikuwa ameshachukua US Open 1968 na Australian Open 1970 kwa hiyo hakuwa mtu wa kubahatisha, ila Wimbledon alikuwa hajawahi hata kufika fainali, aliishia nusu fainali 1968 na 1969 basi. Na njia yake ya kufika fainali ile ilikuwa ngumu, robo fainali alimtoa Björn Borg baada ya kupoteza seti ya kwanza, nusu fainali akapelekwa seti tano na Tony Roche, 5-7, 6-4, 7-5, 8-9, 6-4 (usishangae hiyo 8-9, enzi zile Wimbledon taibreki, ile gemu ya kuamua seti, ilikuwa inachezwa mkifika 8-8).

Jambo ambalo wengi hawalitaji na ndo la kuanzia kabisa: Ashe na Connors walikuwa wameshakutana mara tatu kabla ya hapo, zote fainali, na Connors alishinda zote. Boston 1973 kwa seti tano, Johannesburg 1973, Johannesburg tena 1974. Kwenye mechi hizo Ashe alicheza mchezo wake, na mchezo wake ulikuwa wa kupiga, servisi (mpira wa kuanzisha pointi) kali, bekihendi (pigo la upande wa pili wa mkono unaoshika raketi) ya kunyoosha moja kwa moja, akiona nafasi anaichukua hata kama ni ya hatari. Ile ya Boston alikaribia lakini zile za Afrika Kusini hakupata hata seti. Kwa hiyo alikuwa na ushahidi mkononi, wa kwake mwenyewe, kwamba kupigana nguvu kwa nguvu na huyu kijana hakuna matunda.

Halafu nusu fainali ya pili ikaja kuthibitisha mbele ya macho ya kila mtu. Connors alikutana na Roscoe Tanner, na Tanner alikuwa na moja ya servisi kali kuliko zote enzi hizo, mpira unatoka mkononi kwake kama vile hajaurusha juu. Connors akamchapa 6-4, 6-1, 6-4. Kadiri Tanner alivyozidisha nguvu ndivyo Connors alivyozidi kuua, servisi inakuja kwa kasi, anasogea mbele, anaupiga mpira ukiwa bado unapanda, unarudi kule ulikotoka Tanner akiwa hajamaliza hata kutua mguu.

Sasa hapa tuelewane vizuri maana ndo jibu la swali lako la klabuni pia. Connors hakuwa mtu wa nguvu nyingi za mwili, hakuwa mrefu sana, na servisi yake ilikuwa ya kawaida tu. Nguvu yake ilitoka kwako wewe. Alikuwa anaupiga mpira mapema sana, akiuegemea kwa uzito wote wa mwili, mpira ulionyooka usio na spini nyingi (yani usiozunguka sana), na raketi yake ile ya chuma ya Wilson T2000 ilikuwa na nguvu kubwa ila ngumu kuitawala, wachezaji wengi waliijaribu wakaishindwa. Mtu anayecheza hivyo anahitaji mpira wenye kasi uje juu ya kiuno, hapo anaazima kasi yako anaongeza yake kidogo na wewe umekwisha. Ukimpa mpira usio na kasi, tena uko chini karibu na majani, inabidi nguvu aitengeneze mwenyewe kuanzia sifuri, na mpira unaopigwa bila spini ya kuushusha ukiupiga kwa nguvu kutoka chini ya neti una sehemu mbili tu za kwenda, nyavuni au nje. Ni kama mtu aliyejiandaa kusukuma mlango mzito kwa bega halafu ukaufungua ghafla kutoka ndani, nguvu zake zenyewe zinamwangusha.

Usiku wa kuamkia fainali Ashe alikaa mezani na watu wake, Donald Dell aliyekuwa wakili na meneja wake, rafiki yake wa siku nyingi Charlie Pasarell ambaye naye ni mchezaji, na wengine, wakampangua Connors kipande kwa kipande. Walichotoka nacho kinaeleweka kabisa ukiangalia mechi yenyewe, hebu nikueleze kimoja kimoja jinsi kilivyokuwa kinafanya kazi.

Servisi. Connors ni mashoto na bekihendi yake ni ya mikono miwili. Ashe anatumia mkono wa kulia. Sasa mtu wa mkono wa kulia akianzisha kutoka upande wa kulia wa kiwanja, ule wa pointi ya kwanza ya kila gemu, akaikata servisi kwa slaisi (pigo la kuukata mpira), mpira unajikunja kuelekea kushoto kwake na kutoka kabisa nje ya mstari wa pembeni. Kwa mpokeaji wa mkono wa kulia huko ni forihendi (upande wa mkono unaoshika raketi), ila kwa mashoto huko ni bekihendi. Na bekihendi ya mikono miwili ina tatizo moja la maumbile, mkono wa pili unakufupisha, huwezi kujinyoosha mpaka mwisho kama mwenye mkono mmoja. Kwa hiyo Ashe akawa anaipeleka pale pale, haina kasi ya kutisha, ila imekatwa, inateleza chini kwenye majani na kukimbilia kwa watazamaji. Angalia vile vipande tena ukimfuata Connors tu, utaona mara ngapi anaishia nje kabisa ya kiwanja, kajinyoosha, mkono mmoja umeachia, anaugusa mpira tu urudi. Na Ashe yuko njiani kuelekea kwenye neti, kiwanja chote kiko wazi mbele yake. Watu wanaosema siku ile hakushambulia hawajaangalia servisi zake vizuri, alishambulia sana ila kwa pembe badala ya nguvu.

Forihendi ya Connors. Hii ndo ilikuwa sehemu laini na wachezaji wenzake walikuwa wanaijua. Bekihendi yake ilikuwa silaha, lakini forihendi, hasa mpira wa chini, mfupi, usio na kasi, pale katikati ya kiwanja anapotakiwa kuuchukua akiwa anasogea mbele, hapo alikuwa anahangaika. Ashe akawa anamkatia mipira pale, slaisi ya chini, katikati, bila kumpa pembe. Umuhimu wa katikati watu wanausahau, ukimpa Connors mpira wa pembeni umempa na pembe ya kukupiga nayo, ukimpa katikati inabidi pembe aitengeneze yeye na kila akijaribu anakaribia mistari. Mipira mingapi aliipiga ikaishia kwenye neti au ikapitiliza nyuma, yani mtu asiyejua angedhani kaamka vibaya tu siku hiyo.

Lobu. Connors alipenda kuingia mbele baada ya kukuchapa, kwa hiyo kila alipokaribia neti Ashe alimrushia mpira juu, upande wa bekihendi, ambako kuupiga mpira wa juu ni kazi kwa mchezaji yeyote. Zingine Connors alizifikia na kushinda pointi, lakini kila lobu ilimfanya asite kidogo mara inayofuata, na mchezaji wa kushambulia akianza kusita kuingia mbele umeshampunguza.

Afu yote hayo Ashe aliyachanganya. Asingeweza kubembeleza kila mpira saa mbili nzima, Connors angezoea. Kila alipoona Connors amesogea ameshajipanga kwa mpira laini, Ashe anafungulia bekihendi moja kali ya mstarini, ile ya kwake ya asili, halafu anarudi kwenye slaisi. Kwa hiyo Connors hakupata mipira miwili inayofanana mfululizo, na mtu anayeishi kwa kuupiga mpira mapema anahitaji kuuzoea mdundo kuliko mtu yeyote.

Jumamosi tarehe 5 Julai basi, Centre Court. Ashe anaingia amevaa koti la Davis Cup, mashindano ya timu za mataifa, lenye maandishi makubwa ya USA, na hapo kuna jambo. Connors alikuwa amekataa kuichezea Marekani Davis Cup, na Ashe alikuwa amemkosoa kwa maandishi kuhusu hilo. Kipindi hicho Ashe ndo alikuwa rais wa ATP, chama cha wachezaji, na kambi ya Connors ilikuwa na kesi mahakamani kuhusu ile ishu ya kuzuiwa Ufaransa, na kabla tu ya Wimbledon ikaongezeka kesi ya Connors kumshtaki Ashe binafsi kwa kumchafulia jina. Kwa hiyo hawa wawili walishuka uwanjani wakiwa ni mshtaki na mshtakiwa. Ashe hakusema neno, alivaa koti tu. Kesi baadaye ilifutwa, lakini siku ile ilikuwa hai, na mimi naamini utulivu wa Ashe siku ile unapata uzito wake kamili ukiujua huu mzigo.

Utulivu wenyewe ulionekana hivi. Mwaka 1975 ndo mwaka wa kwanza Wimbledon kuwawekea wachezaji viti vya kupumzika wakati wa kubadilisha upande, kabla ya hapo walikuwa wanafuta jasho wamesimama. Kila mapumziko Ashe alikaa kwenye kile kiti, akafumba macho, akatulia kabisa kama hayupo pale. Hamwangalii Connors, haangalii jukwaani, kafumba tu macho mpaka refa anaita muda, anainuka anaenda kucheza pointi inayofuata kama alivyopanga. Connors upande wake alikuwa anajipigapiga mapaja, anapiga kelele za kujihamasisha, na kuna wakati mtu jukwaani alimpigia kelele akaze, yeye akajibu kwa sauti kwamba anajaribu. Na alikuwa anajaribu kweli masikini, ndo kilichokuwa kinamuua, kila alivyozidi kukaza ndivyo mipira ilivyozidi kwenda nje.

6-1, 6-1. Bingwa mtetezi, hajaacha seti wiki mbili, anapata gemu mbili kwenye seti mbili.

Sasa kaka, watu wengi hadithi yao inaishia hapo na ndo maana haieleweki, kwa sababu mimi naona mechi ilishindwa kwenye seti ya nne. Seti ya tatu Connors aliamka. Wachezaji wakubwa ndo walivyo, hawafi kirahisi. Akaanza kupata urefu sahihi, ile mipira iliyokuwa inapitiliza ikaanza kutua kwenye mstari wa nyuma, akaichukua 7-5. Seti ya nne akaanza nayo kwa moto, 3-0. Jiweke hapo. Una miaka karibu 32, juzi umetoka kucheza seti tano na Roche, mbele yako kuna kijana wa miaka 22 ambaye kashakufunga mara zote mlizokutana, na mbinu uliyokuja nayo inaonekana kama imeshagunduliwa. Kila kitu mwilini kinakuambia rudi kwenye mchezo wako, piga, angalau ukifungwa ufungwe ukiwa wewe. Ndo kosa ninaloliona kila wikiendi kwenye viwanja vyetu, mtu anaongoza kwa mbinu fulani, mpinzani anashinda gemu tatu, mtu anaitupa mbinu yote.

Ashe hakuitupa. Aliendelea na servisi ile ile ya pembeni, slaisi ile ile ya chini katikati, akiongeza ukali kwenye kurudisha servisi ya Connors, kwa sababu servisi ya Connors haikuwa ya kumtisha mtu. Kutoka 0-3 akashinda gemu sita kati ya saba zilizofuata. 6-4, mechi imekwisha. Na pointi ya mwisho kabisa ni kama aliichora kwa ajili yetu sisi walimu, servisi ya pembeni kwenye bekihendi, Connors anajinyoosha anaugusa tu, mpira unaelea juu hauna maisha, Ashe anausubiri kwenye neti anaumaliza. Akageuka upande walikokaa watu wake akainua ngumi kidogo, akaenda kumpa mkono Connors.

Mwanaume mweusi wa kwanza kuchukua Wimbledon ya mmoja mmoja. Althea Gibson alikuwa ameshaichukua kwa wanawake 1957 na 1958, lakini kwa wanaume hajawahi kutokea kabla yake. Mtoto aliyezaliwa Richmond, Virginia, ambako viwanja vizuri vya tenisi vilikuwa vya wazungu tu na yeye akajifunzia kwenye viwanja vya bustani ya watu weusi iliyokuwa chini ya uangalizi wa baba yake. Siwezi kupita hapo haraka haraka. Na huyo huyo ndiye ambaye mwaka 1971 alipopita Yaoundé, Kameruni, alimwona mtoto mmoja anacheza akapiga simu Ufaransa wamchukue wamfundishe, mtoto huyo ni Yannick Noah, akaja kuchukua French Open 1983.

Tuje kwenye swali la kuumia. Ni kweli ilikuja kuelezwa baadaye kwamba Connors aliumia mguu raundi za mwanzo za mashindano yale, na mimi sina sababu ya kusema ni uongo, mwili unauma kwa wachezaji wote wiki ya pili. Ila maumivu peke yake hayawezi kueleza tulichokiona. Mguu ule ule ndo ulimchapa Tanner seti tatu bila nusu fainali, siku chache baada ya kuumia huko. Mguu ule ule ukachukua seti ya tatu na kuongoza 3-0 seti ya nne. Mguu mbovu unaonekana zaidi kadiri mechi inavyorefuka, hapa ilikuwa kinyume, Connors aliboreka kadiri muda ulivyoenda. Labda ulimpunguzia hatua moja kwenye zile servisi za pembeni, sawa, hilo nakubali, lakini mipira ya chini iliyokuwa inakuja katikati miguuni kwake ambayo aliizika nyavuni haikuhitaji kukimbia.

Na kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi. Miezi miwili tu baadaye US Open ya Forest Hills, ambayo mwaka huo ilikuwa imehamia kwenye udongo, Connors akafika fainali tena bila shida akakutana na Manuel Orantes wa Hispania, mashoto mwenzake, mtu wa mipira laini na lobu na kumvutavuta mtu mbele na nyuma. Orantes alikuwa ametoka nusu fainali ndefu ya ajabu dhidi ya Guillermo Vilas, alikuwa nyuma seti mbili kwa moja na 0-5 seti ya nne akarudi akashinda, kwa hiyo alistahili kuwa hoi. Akamfunga Connors 6-4, 6-3, 6-3. Kiwanja kingine, mpinzani mwingine, ugonjwa ule ule. Mwaka 1975 Connors alicheza fainali tatu kubwa na akapoteza zote, ya kwanza Australia kwa John Newcombe. Haimfanyi kuwa mchezaji mbaya hata kidogo, kombe la Wimbledon alikuja kulichukua tena 1982, na hata Ashe hakuwahi kumfunga tena, ile ilikuwa mara yake pekee. Connors alijifunza. Na hilo nalo ujue, dawa hii mpinzani mwenye akili ataizoea, kwa hiyo siku ukiitumia iwe siku inayokuuma.

Haya sasa wewe na mashoto wako. Ndiyo itakusaidia, ila usiichukue nzima nzima kwa sababu Ashe alikuwa kwenye majani, mpira unateleza unabaki chini, na wewe nadhani unacheza kwenye simenti kama wengi wetu, ambako slaisi mbovu inadunda inamngoja usawa wa kiuno, yani umempa zawadi. Slaisi yako lazima iwe inapita karibu na neti na imekatwa kweli, shusha magoti, usiinue raketi mapema. Kama slaisi yako bado haijakaa sawa, basi mpe mpira wa taratibu wa juu, mrefu, wenye spini, udunde karibu na mstari wa nyuma umpande mpaka mabegani. Lengo ni lile lile, asiupate mpira kiunoni wenye kasi yako. Kitu usichotakiwa kufanya kamwe ni kumpa mpira wa taratibu unaotua katikati ya boksi la servisi (lile eneo la mbele ambamo servisi inatakiwa itue), kimo cha kati, huo hata Ashe angechapwa.

Servisi ndo pa kuwekea mazoezi yako mwezi huu kama na wewe unatumia mkono wa kulia. Simama upande wa kulia, weka kopo pembeni karibu kabisa na mstari wa pembeni, na usiliweke mwisho wa boksi kama wengi wanavyofanya, liweke nyuma kidogo kuelekea neti, maana servisi ya kukata ikitua fupi ndo inatoka nje zaidi. Sahau kasi. Rusha mpira kulia kidogo kuliko kawaida yako, upige ubavu wake wa kulia kana kwamba unaumenya. Ukishaweza kulipata kopo mara nyingi kuliko unavyolikosa, anza kuifuata mbele, hatua mbili tatu, kwa sababu servisi ile bila kuifuata ni nusu ya kazi, atarudisha mpira mlegevu na hakuna mtu wa kuumaliza.

Ila kabla hujafanya lolote, mchunguze kwanza. Wewe umesema ni mashoto na anarudisha nguvu, hujaniambia bekihendi yake ni ya mkono mmoja au miwili, wala forihendi yake inafanyaje mpira ukiwa chini ya magoti. Mechi yenu ijayo mpe mipira kama mitano ya chini, laini, katikati, mapema kabisa seti ya kwanza, ukubali hata kupoteza hizo pointi, uangalie tu anaipeleka wapi. Akiizika nyavuni au akiinyanyua juu umeshajua pa kuanzia. Akiikata vizuri na yeye akaiacha chini, huyo si Connors, itabidi tumtafutie dawa nyingine, niandikie unieleze ulichokiona.